Kipenga cha Mwisho Kikishalia, Nani Analipa?

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wetu, viongozi wa vyama vya michezo, ndugu wanafunzi, na wapenzi wote wa michezo mliofika jioni hii, hamjambo.

Kabla ya Olimpiki ya mwaka 1976, watu wengi walikuwa na wasiwasi kama jiji la Montreal, Canada, lingeumudu mzigo ule. Meya wake, Jean Drapeau, aliwajibu kwa maneno ambayo hayajasahaulika: Olimpiki haiwezi kupata hasara, kama vile mwanamume hawezi kuzaa mtoto. Alikuwa kiongozi hodari, na nadhani aliyaamini aliyoyasema. Michezo ikafika huku mnara wa uwanja mkuu ukiwa haujakamilika. Ulimalizika mwaka 1987. Deni nalo likatafutiwa kodi ya tumbaku katika jimbo la Quebec, likalipwa hadi mwaka 2006. Miaka 30. Mtoto aliyezaliwa wiki ya ufunguzi alikuwa mtu mzima, pengine mwenye watoto wake, na bado sigara zilizokuwa zikiuzwa jimboni mwake zililipia mashindano ambayo yeye hakuyaona.

Sisi Waafrika tunaikumbuka Montreal kwa jambo jingine. Zaidi ya nchi 20 za bara letu ziliisusia kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza na Afrika Kusini ya ubaguzi, na dunia ikakosa kumwona Filbert Bayi akichuana na John Walker katika mita 1,500. Hilo lina hotuba yake siku nyingine. Leo naomba tukae na deni.

Nisieleweke vibaya. Naipenda michezo kwa moyo wote, na sijaja kuwaambia kwamba uenyeji ni balaa. Nilichokuja kusema ni hiki: faida na hasara za kuandaa mashindano makubwa huamuliwa mapema mno, kwenye karatasi, siku ya kuweka sahihi, wakati ambapo karibu hakuna mwananchi anayefuatilia. Watu huanza kuuliza zege likishamwagwa. Maswali yao yanakuwa ya haki kabisa, lakini yanakuwa yamechelewa kwa miaka sita au saba.

Tuangalie uenyeji unavyopatikana. Mwenye mashindano ni mmoja. Kombe la Dunia ni la FIFA, Olimpiki ni ya Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, yaani IOC. Wanaoyataka ni wengi. Mali moja, wanunuzi wengi, kila mmoja anataka kumzidi mwenzake: huo ni mnada. Na katika mnada wa namna hii, anayeshinda mara nyingi ni yule aliyekadiria faida kubwa kuliko wenzake wote, maana yake ni yule aliyekosea hesabu kuliko wote. Tatizo linaongezeka kwa sababu anayepandisha dau si anayelipa. Kamati ya zabuni huvunjwa baada ya ushindi, mawaziri hubadilika, uchaguzi hupita mara mbili. Anayebaki ni mlipakodi.

Pamoja na zabuni, serikali na jiji hutia sahihi dhamana. Ndani yake kuna misamaha ya kodi kwa mwenye mashindano na washirika wake, ulinzi wa alama za wadhamini, viza, polisi na usalama. Kwa Olimpiki kwa miaka mingi kumekuwa na kifungu kizito kuliko vyote: gharama zikizidi, pengo litazibwa na mwenyeji. Nawaomba mkifikirie kifungu hicho kwa utulivu. Ni ahadi ya kulipa kiasi ambacho hakuna anayekijua.

Na gharama huzidi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walipitia Olimpiki za kuanzia mwaka 1960 hadi 2016 ambazo hesabu zake zinapatikana, wakakuta zote zilivuka bajeti, na kwa wastani zilivuka kwa asilimia 172, mfumuko wa bei ukiwa umeshaondolewa. Montreal ilivuka kwa asilimia 720. Barabara huvuka bajeti, mabwawa ya umeme huvuka bajeti, lakini miradi hiyo huwa ipo inayosalimika. Katika orodha ile hakuna michezo hata mmoja uliosalimika.

Sababu zake hazihitaji elimu kubwa. Ujenzi wa kawaida ukikwama, unasogeza tarehe au unapunguza ukubwa wa jengo. Hapa tarehe haisogei. Ilihitaji janga la korona kuisogeza Tokyo 2020 kwa mwaka mmoja, na kuisogeza kwenyewe kukaongeza gharama. Ukubwa nao haupunguzwi ovyo, maana vipimo vimewekwa na mwenye mashindano. Mkandarasi anajua haya yote. Akibakiza miezi minane, akisema zinahitajika zamu tatu usiku na mchana na bei mpya, utamwambia nini? Utalipa.

Kisha kuna hila ya bajeti ambayo ningependa waandishi wa habari waliomo humu waiandike daftarini. London ilipoomba Olimpiki ya 2012, makadirio yaliyotajwa yalikuwa kama pauni bilioni 2.4. Baada ya kushinda, mwaka 2007, serikali ilitangaza bajeti mpya ya pauni bilioni 9.3. Michezo ilipokwisha ikatangazwa kwa fahari kwamba kazi imefanyika chini ya bajeti. Ni kweli, ilikuwa chini ya bajeti ya pili. Bajeti ambayo wananchi walionyeshwa wakati wa kushawishiwa ilikuwa ile ya kwanza. Ukisikia mtu anasema mashindano fulani yalibakiza fedha, muulize kwanza anapima kwa bajeti ipi.

Sasa upande wa mapato. Hoja inayotolewa kila mara ni wageni: watakuja, watalala hotelini, watakula, watanunua. Wageni huja kweli. Kinachosahaulika ni wale wasiokuja. Mji wenye watalii wake wa kawaida, ukitangaza kwamba mwezi fulani barabara zitafungwa na vyumba vitapanda bei mara tatu, yule mtalii wa kila mwaka anakwenda kwingine. Agosti 2012, mwezi wa Olimpiki, Uingereza ilipokea wageni wachache kuliko Agosti ya mwaka uliotangulia. Waliokuja walitumia fedha nyingi zaidi kwa kichwa, hilo ni la kushukuru, lakini lile furiko lililoahidiwa halikuonekana, na wafanyabiashara wa katikati ya London waliojaza bidhaa walilalamika kwamba mitaa imekuwa mitupu. Afrika Kusini mwaka 2010 ilipata wageni wapatao 309,000 waliofika hasa kwa ajili ya Kombe la Dunia. Si haba, ila ni pungufu kuliko watabiri walivyosema.

Wenyeji nao wana mfuko mmoja tu. Familia iliyonunua tiketi ya mechi imeahirisha jambo jingine: viatu, sinema, safari ya kuwaona ndugu. Fedha imehama mtaa, haikuzaliwa. Na ile inayotoka nje kweli haikai yote. Haki za matangazo ya televisheni na udhamini wa kimataifa, ambako ndiko kwenye fedha nene, ni mali ya mwenye mashindano. FIFA ilipata takriban dola bilioni 7.6 katika mzunguko wa 2019 hadi 2022. Sehemu ya fedha hizo hurudi kwa mashirikisho kuendeleza soka, na hilo ni jema, lakini haiingii katika hazina ya nchi iliyojenga viwanja. Aliyejenga ni mmoja, aliyevuna ni mwingine, na mkataba ndio uliosema hivyo.

Ajira? Zipo. Za ujenzi huisha ujenzi ukiisha, na za wiki za mashindano huisha na wiki zenyewe. Sitakaa hapo.

Nataka nikae Los Angeles, kwa sababu ndiko kunakofundisha kuliko kwingine kote. Olimpiki ya 1984 inasifiwa kwa kuleta ziada ya zaidi ya dola milioni 200, na kila mwombaji wa zabuni huitaja. Wanachokiacha ni jinsi ilivyotokea. Baada ya mauaji ya wanamichezo wa Israel kule Munich mwaka 1972, na baada ya deni la Montreal, miji ilikuwa imeogopa. Tehran ilionyesha nia kisha ikajitoa. Ikabaki Los Angeles peke yake. Mnada ukawa umegeuka: sasa mnunuzi ni mmoja, na mwenye mali ndiye mwenye shida. Mwaka 1978 wapiga kura wa jiji hilo walipitisha marekebisho ya katiba ya jiji yaliyozuia fedha za umma kutumika kwenye Olimpiki bila ya kurudishwa. Wajumbe wa jiji walikuwa na msimamo huo wa wananchi nyuma yao kwenye mazungumzo, na IOC ikakubali kulegeza sharti lake la dhamana ya jiji. Kamati binafsi iliyoongozwa na Peter Ueberroth ilitumia uwanja wa Coliseum, uliofunguliwa mwaka 1923 na uliokwisha kutumika kwa Olimpiki ya 1932. Wanafunzi wa vyuo vikuu walikuwa likizo, wanamichezo wakalala mabwenini mwao. Bwawa jipya la kuogelea na uwanja wa baiskeli vililipiwa na wadhamini. Sehemu ya ziada ikaanzisha mfuko ambao hadi leo unasaidia michezo ya vijana kusini mwa California.

Angalieni mpangilio wa mambo. Kwanza wananchi walisema hapana kwa deni. Halafu ndipo mkataba ukaandikwa. Halafu ndipo faida ikapatikana. Wengi waliokuja baadaye walitaka matokeo ya Los Angeles kwa masharti ya Montreal.

Barcelona 1992 ni mfano wa aina nyingine. Pale fedha nyingi za umma zilitumika, na bado jiji lilinufaika. Kwa nini? Kwa sababu jiji lilikuwa na mpango wake tangu miaka ya 1970, baada ya udikteta wa Franco kuisha: kufungua ufuko uliokuwa umezibwa na reli na viwanda vilivyochakaa, kujenga barabara za mzunguko, kufufua mitaa ya kale. Olimpiki ilikuja kama kisingizio cha kupata fedha na haraka kwa jambo lililokwisha kuamuliwa. Uwanja mkuu wa Montjuïc ulikuwa wa mwaka 1929, ukakarabatiwa. Viwanja na kumbi za michezo vilichukua sehemu ndogo ya matumizi yote. Kilichobaki kilikwenda kwenye barabara, uwanja wa ndege, majitaka, makazi na ufuko. Ondoa Olimpiki katika picha hiyo, na bado Barcelona ingekuwa imepata kitu cha maana. Naliona hilo kuwa kipimo kizuri kuliko takwimu nyingi za washauri: ukiyaondoa mashindano, mradi unabaki na maana?

Gautrain, treni ya kasi ya Afrika Kusini, inapita katika kipimo hicho. Ilitangazwa mwaka 2000, kabla nchi haijapewa Kombe la Dunia mwaka 2004. Tarehe 8 Juni 2010, siku tatu kabla ya mechi ya kwanza, ikaanza kubeba abiria kati ya Sandton na uwanja wa ndege wa OR Tambo, na inaendelea kubeba watu hadi leo. Uwanja wa ndege na metro vya Athens, iliyoandaa Olimpiki ya 2004, vinapita pia. Huwa siwasikii Wagiriki wakivijutia. Wanachokijutia ni kumbi za michezo midogo zilizojengwa kwa zege la kudumu kwa mashindano ya wiki mbili, zikaachwa ziote majani.

Viwanja vyenyewe ndivyo kidonda. Manaus, katikati ya msitu wa Amazon, ilijengewa uwanja wa watu zaidi ya 40,000 kwa Kombe la Dunia la 2014. Zilichezwa mechi nne. Jiji lile halikuwa na klabu katika ligi kuu ya Brazil, na kila mtu alijua hivyo kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa. Brasília, nayo bila klabu ya ligi kuu, ilijenga uwanja wa watu wapatao 70,000 uliokuwa wa gharama kubwa kuliko vyote vya mashindano yale. Mwaka uliofuata eneo lake la maegesho lilikuwa kituo cha kulaza mabasi. Ureno ilijenga na kukarabati viwanja 10 kwa Euro 2004, na miji midogo kama Leiria na Aveiro ikabaki na viwanja ambavyo timu zake haziwezi kuvijaza. Uwanja wa namna hii haugharimu mara moja. Nyasi zinataka maji, taa zinataka umeme, paa linataka mafundi, mkopo unataka riba, kila mwaka, uwe na mechi au usiwe nayo.

Cape Town kulikuwa na wazo la kuuboresha uwanja wa Athlone, mtaa wa watu wa kawaida ambako soka ndiyo maisha. Mwishowe ukajengwa uwanja mpya Green Point, kando ya bahari, Mlima Meza ukiwa nyuma yake, kwa zaidi ya randi bilioni 4. Picha za televisheni zilipendeza, siwezi kukataa. Oktoba 2010, miezi michache tu baada ya fainali, kampuni iliyokuwa iuendeshe kwa mkataba wa muda mrefu ilijitoa kwa kuona hesabu hazilipi, na mzigo ukarudi jijini. Imechukua zaidi ya miaka 10 hadi timu ya raga ya Stormers kuhamia pale. Laiti sehemu ya fedha zile ingekwenda Athlone, watoto wa vitongoji vya Cape Flats wangekuwa na uwanja wa maana mlangoni pao. Hilo linaniuma hadi leo.

Wapo wanaofanya kinyume na wanastahili kutajwa. Pyeongchang, Korea Kusini, kwa Olimpiki ya majira ya baridi ya 2018, ilijenga uwanja wa muda wa watu 35,000, ikautumia mara nne, kisha ikaubomoa. Kwa haraka unaweza kuuona upotevu, na kweli haukuwa wa bei rahisi, lakini kubomoa kuliwaepusha na bili za miaka 40. Paris 2024 ilisema tangu mwanzo kwamba asilimia 95 ya maeneo ya mashindano yatakuwa yale yaliyopo au ya muda, na ikafanya hivyo. Fedha ikaelekezwa kwenye mambo kama kuusafisha Mto Seine, ambao kiangazi cha 2025 ulifunguliwa kwa wananchi kuogelea baada ya marufuku iliyodumu tangu 1923.

Hadi hapa nimezungumza kama mtu wa daftari la hesabu. Lakini kuna hesabu isiyoandikwa kwenye daftari la hazina, nayo ni ya watu wanaoondolewa ili mashindano yapite.

Rio de Janeiro, kando ya eneo lililoteuliwa kuwa Hifadhi ya Olimpiki ya 2016, kulikuwa na mtaa wa Vila Autódromo, familia mamia kadhaa, nyingi zikiwa na hati za kuishi pale. Bomoabomoa iliendelea kwa miaka. Wengine walikubali fidia au nyumba za kuhamia, wengine walivunjiwa milango. Mwishoni zilibaki familia zipatazo 20, zilizokataa kata kata hadi jiji likawajengea nyumba palepale. Ishirini kati ya mamia, na ushindi huo mdogo ulipatikana kwa ukaidi wao wenyewe. Mwezi Juni 2016, wiki saba kabla ya ufunguzi, serikali ya jimbo la Rio ilitangaza hali ya maafa ya kifedha. Mishahara ya watumishi na huduma za hospitali vilikuwa vimeyumba. Viwanja vilikuwa tayari.

Mbombela, Afrika Kusini, uwanja wenye nguzo zilizoundwa mfano wa twiga ulijengwa mahali ambapo shule zililazimika kuhama, na wanafunzi wakasomea kwenye vyumba vya muda huku wakiandamana wapewe shule walizoahidiwa. Spika wa baraza la manispaa, Jimmy Mohlala, aliyekuwa ameibua madai ya ukiukwaji katika zabuni ya uwanja huo, aliuawa kwa risasi Januari 2009. Namtaja kwa heshima.

Wachuuzi nao. Mikataba ya mashindano huweka eneo kuzunguka uwanja ambamo ni wadhamini tu wanaoruhusiwa kuuza na kujitangaza. Mama aliyeuza chakula mlangoni pa uwanja kwa miaka 20 anaambiwa asogee kilomita moja au zaidi, hasa katika wiki zile ambazo angepata wateja wa mwaka mzima. Pale Salvador, Brazil, wanawake wauzaji wa acarajé, maandazi ya kunde yanayokaangwa kwa mafuta ya mawese, chakula chenye asili ya Afrika Magharibi, nusura wazuiwe kuuza kwenye uwanja wa Fonte Nova. Waliandamana, wakakusanya sahihi, na mwishowe sita kati yao wakaruhusiwa kuuza ndani. Wakati huohuo Brazil ililegeza sheria yake: pombe ilikuwa imezuiwa viwanjani tangu 2003 ili kupunguza fujo, na FIFA, yenye mdhamini wa bia, ikataka iuzwe. Sheria maalumu ya Kombe la Dunia ya mwaka 2012 ikafungua njia. Bunge la nchi huru lilibadilisha kanuni ya usalama wa raia wake kwa ajili ya mwezi mmoja wa mechi. Ahadi ya jambo hilo ilikuwa imetolewa wakati wa zabuni.

Qatar inahitaji kusemwa kwa ukamilifu. Vibarua kutoka Nepal, India, Bangladesh, Kenya na kwingineko walijenga nchi ile katika joto kali, chini ya mfumo wa kafala uliomfunga mfanyakazi kwa mwajiri wake. Wengi walikufa, na familia nyingi zilipokea jeneza bila maelezo ya kueleweka wala fidia. Ni kweli pia kwamba macho ya dunia yalilazimisha mabadiliko: Shirika la Kazi Duniani lilifungua ofisi Doha mwaka 2018, na sheria za mwaka 2020 ziliondoa sharti la kuomba ruhusa ya mwajiri ili kubadilisha kazi, zikaweka kima cha chini cha mshahara cha riyali 1,000 kwa mwezi. Utekelezaji ulikuwa na mapengo mengi. Lakini fikirini, uenyeji ulitolewa Desemba 2010. Masharti hayo yangewekwa ndani ya mkataba siku ile, wangapi wangerudi nyumbani wakiwa hai?

Ndiyo maana hasira hulipuka. Juni 2013 Wabrazil, katika nchi inayoabudu soka, walijaa barabarani wakati wa Kombe la Mabara. Cheche ilikuwa kupanda kwa nauli ya basi, na muda si muda mabango yakawa yanadai hospitali na shule za kiwango cha FIFA. Septemba 2025 vijana wa Morocco, nchi itakayoandaa Kombe la Dunia la 2030 pamoja na Hispania na Ureno, waliingia mitaani baada ya vifo vya akina mama waliokuwa wakijifungua katika hospitali moja ya Agadir, wakiuliza viwanja tunaviona, hospitali ziko wapi? Hawa si maadui wa michezo. Wengi wao ni wale wanaojaza majukwaa kila wikendi.

Je, hakuna furaha? Ipo, na mchumi anayeipuuza hajawahi kukaa jukwaani. Tarehe 24 Juni 1995, Nelson Mandela aliingia Ellis Park amevaa jezi ya Springboks, timu ya raga ya Afrika Kusini, vazi lililokuwa alama ya ubaguzi, akamkabidhi nahodha Francois Pienaar Kombe la Dunia la raga. Hakuna wizara ya fedha inayoweza kuandika thamani ya dakika ile. Siphiwe Tshabalala alipofunga bao la kwanza la Kombe la Dunia la 2010, bara zima liliruka. Korea Kusini mwaka 1987, maandamano ya kudai demokrasia yalipopamba moto, utawala wa kijeshi ulijua kwamba baada ya mwaka mmoja dunia nzima itakuwa Seoul kwa Olimpiki, na hilo lilikuwa miongoni mwa mambo yaliyouzuia kutumia bunduki na kuusukuma ukubali uchaguzi wa rais wa moja kwa moja. Na Paralimpiki ya London 2012 iliuza tiketi milioni 2.7, watu wakilipa kwa hiari kuwatazama wanamichezo wenye ulemavu wakishindana kama wanamichezo, si kama watu wa kuonewa huruma. Haya ni mapato halisi ya jamii.

Ila tuyapime kwa uaminifu. Wachumi waliochunguza nchi za Ulaya zilizoandaa mashindano ya soka walikuta kwamba kuandaa huwapa watu furaha inayopimika, na kwamba furaha hiyo hupoa upesi. Lile wazo kwamba watoto na watu wazima watazima televisheni na kwenda kukimbia nalo halijitokezi lenyewe. Mwaka 2023 Kamati ya Hesabu za Umma ya Bunge la Uingereza ilieleza kuwa katika miaka mitatu baada ya 2012, uwiano wa watu wazima wanaofanya michezo angalau mara moja kwa wiki ulishuka. Mtu hakimbii kwa sababu ameona medali. Anakimbia kama kuna kiwanja karibu, mwalimu, na ada anayoiweza. Fedha za hayo zikiwa zimeishia kwenye paa la uwanja mmoja mkubwa, medali haisaidii.

Kwa hiyo tunadai nini, na tunadai lini? Tunadai mapema. Hamburg iliwauliza wakazi wake Novemba 2015 kuhusu Olimpiki ya 2024, wakakataa, na jiji likajitoa bila aibu. Calgary ilipiga kura mwaka 2018 kuhusu Olimpiki ya 2026, wakakataa pia. Chicago mwaka 2018 ilisoma masharti ya FIFA kwa Kombe la Dunia la 2026, ikaomba yajadiliwe, ikaona hayajadiliki, ikasema hapana asante. Linganisheni na jimbo la Victoria, Australia, lililokubali kwanza na kupiga hesabu baadaye: Julai 2023 likajitoa kuandaa Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 2026, gharama zikiwa zimepanda kutoka dola bilioni 2.6 za Australia hadi zaidi ya bilioni 6 kwa makadirio ya serikali yenyewe, na likalipa dola milioni 380 za kuvunja makubaliano. Milioni 380 kwa michezo ambayo haikuchezwa hata dakika moja huko.

Na tusidhani kwamba kukataa kunawachosha wenye mashindano bure. Miji ilipokataa mfululizo, IOC ililainika: mwaka 2017 ikagawa Olimpiki mbili kwa mpigo, Paris 2024 na Los Angeles 2028, na sasa inahimiza viwanja vilivyopo na vya muda. Nguvu aliyokuwa nayo Los Angeles mwaka 1978 inaweza kurudi mikononi mwa wenyeji, ikiwa wenyeji hawashindani kujinyonga.

Ndugu zangu, siku serikali yoyote itakapotangaza kwamba inaomba mashindano, kabla ya nembo na kabla ya wimbo, naomba kila mmoja wenu, kwa nafasi yake, mbunge, mwandishi, mwanafunzi au kiongozi wa klabu, aombe karatasi tatu: barua za dhamana zenye maneno yote bila kufunikwa, orodha ya kila kitakachojengwa ikiwa na jina la atakayekitumia na atakayekitunza miaka 10 baadaye, na jedwali la familia na wachuuzi watakaoguswa pamoja na mahali wanapopelekwa. Ziwekwe hadharani bungeni zijadiliwe kabla ya sahihi. Wakisema muda hautoshi, waulizwe mwisho wa kuwasilisha zabuni ulitangazwa lini.

Nawashukuru kwa kunisikiliza. Mheshimiwa Mwenyekiti, niko tayari kwa maswali.